Bega la Kumbebea Bosi

4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Baridi ya huko imekuachia vidole vyako vyote, au mvuke wa hicho chumba cha kufulia ndio unaokupika mzima mzima? Sisi huku tunapumua. Kaka yetu Bosi ni mzima, sauti imezidi kuwa nene na amri zimeongezeka. Jana ameniamuru nihamishe redio dirishani kwa sababu mtangazaji, anasema, anapigwa na jua. Anakusalimu sana, na anauliza kama bado unafua mashuka ya watu wanaolala mchana. Cherehani nayo nzima. Asiye mzima ni mimi.

Usishtuke, sifi. Ni bega hili la kulia. Lilianza mwaka jana kama bega la mtu aliyelala vibaya. Nikalichua kwa dawa, nikalisema, likanyamaza kidogo. Halafu siku moja nataka kufunga kitambaa kichwani, mkono ukafika usawa wa sikio ukagoma. Sisemi uliuma tu, maumivu nimeyazoea. Uligoma, kama mlango uliofungwa kwa ndani. Siku hizi navaa magauni ya kufungua mbele. Nikichana nywele inabidi kichwa kiufuate mkono, na Bosi anasema nafanana na bata anayejichokoa manyoya. Nikiligeukia usingizini naamka nimeng'ata shuka.

Hospitali nimekwenda. Daktari wa mifupa ni kijana mwenye viatu safi kuliko vya bwana harusi. Kaniambia bega limeganda. Nikamwambia, daktari, kitu huganda kwa baridi, mimi nashinda na pasi ya moto pembeni. Hakucheka. Akanieleza kwamba kiungo cha bega kina ngozi inayokizunguka, na ngozi ya langu imekuwa nene ikajikunyata, kama kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa maji ya moto. Mkono hauna nafasi ya kuzunguka. Sindano nimechomwa, nafuu ikaja ikaondoka kama mgeni mwenye haraka. Sasa anataka kunipasua. Wanatoboa matundu madogo, wanaingiza vyuma vyembamba, wanaikata ile ngozi ilegee.

Kisu siogopi. Haya, naogopa kidogo. Ninachokiogopa hasa ni baada ya kisu. Kasema mkono huo usinyanyue kitu kizito mpaka yeye aniruhusu, na wiki sita ni chache. Nikamuuliza, na mtu je? Akauliza, mtu gani? Nikamwambia, kaka yangu, hajasimama kwa miguu yake tangu azaliwe. Asubuhi namtoa kitandani namweka kwenye kiti cha magurudumu, namtoa kitini nampeleka chooni, jioni namrudisha. Wewe umembeba, unajua. Nachuchumaa, ananikumbatia shingo, kidevu chake kinakaa begani kwangu upande wa kulia kwa sababu mkono wake wa kushoto hauna nguvu, anasema, "Dereva, ondoa gari," nami nasimama. Daktari akanitazama kama niliyemwambia nabeba nyumba. Akasema, "Mama, kwa bega hilo hata leo hupaswi."

Basi nakuuliza hili moja. Unaweza kuja? Sisemi uhamie. Uje tu mpaka mkono wangu ukubali. Bosi hajui kwamba nimekuandikia haya, anadhani nakupa umbea. Nijibu upesi, hospitali wanataka tupange siku.

Mimi dada yako.


27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea juu ya rundo la mataulo, ndipo mahali pekee hapa ninapoweza kukaa bila kuulizwa nafanya nini. Vidole ninavyo vyote, ila ngozi yake imekwenda na sabuni. Mwambie Bosi wageni wa hoteli hii wanalala mchana, wanalala usiku, na katikati wanapumzika. Umri haujamfundisha adabu, nimefurahi.

Dada, pole. Pole sana. Nimelia, halafu nikajipangusa nikaenda kwa msimamizi wetu kuomba ruhusa. Hakuinua hata macho. Mkataba wangu unaisha mwakani mwishoni, na anayeondoka kabla ya hapo harudishwi. Si kazi tu, hata kibali cha kukaa kinakufa. Nikija, nimekuja moja kwa moja, na wewe unajua pesa ninayoitafuta huku bado haijatosha.

Nikafikiri sana. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Kile kituo cha walemavu nyuma ya hospitali, si kile cha zamani. Mwenzangu wa hapa ana shangazi yake pale. Vitanda ni vya chuma, wauguzi wanabeba wawili wawili, wanajua kazi. Mpeleke kwa muda huo tu. Upasuliwe, ufanye mazoezi, upone, umrudishe.

Wewe nawe ni mtu, dada. Mama alimbeba mpaka mgongo ukapinda, na jeneza lake wewe ndiye uliyemwambia seremala aongeze kina. Sitaki kurudi nikukute nawe umepinda.

Mwambie Bosi nampenda. Mwambie kwa namna yako, mimi nikimwambia atanicheka.

Mdogo wako.


19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Sisi wazima.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kutoka huko juu ya mataulo yako unaliona jepesi kweli. Kituo! Au hukuwahi kuambiwa? Mama alipolazwa kwa ajili ya kukuzaa wewe, Bosi alipelekwa kituo. Alikwenda mtoto mwenye maneno kama cherehani, akarudi kimya, na mgongoni ana kidonda cha kulalia ambacho mkono wangu wa utotoni ungeingia. Nilikuwa namshikia taa mama wakati anakisafisha. Bosi hata kulia alikuwa halii. Alikaa muda mrefu bila kutuamuru chochote, na nyumba ikawa kama imefiwa.

Niliyaandika hayo wiki iliyopita nikiwa na hasira, nikayaacha mezani. Naendelea leo nikiwa nimepoa, maana kuna jambo limetokea.

Juzi asubuhi nilikuwa namtoa kitandani, bega likakataa katikati. Hatukuanguka, tulirudi kitandani wote wawili kama wacheza mieleka waliochoka. Tukacheka. Halafu nikashindwa kusimama. Nililala pale pembeni yake nikilia kwa uchungu, na yeye ananipangusa uso kwa mkono wake ule dhaifu. Ikabidi amwite fundi baiskeli wa jirani kwa sauti kupitia dirishani. Fundi ni mwema, lakini alimbeba Bosi kama anavyobeba fremu, kwapani, kichwa nyuma. Bosi hakusema "Dereva, ondoa gari." Alifumba macho tu mpaka akawekwa kitini.

Jioni akaniuliza, "Unamwandikia nini mdogo wetu siku hizi mpaka kalamu inatoboa karatasi?" Nikamwambia ukweli wote. Akasema, "Mimi ndiye bosi. Nakupa likizo. Nitakwenda kituo." Nikakataa. Akasema bosi habishiwi. Nikakataa tena, akazima redio, na wewe unajua Bosi hazimi redio.

Kwa hiyo nimekubali. Lakini nimemwahidi, na nakuandikia wewe uwe shahidi: atakayekwenda kumtoa pale ni mimi, si fundi, si muuguzi. Nitamtoa kwa bega hili hili. Akasema, "Nitakungoja, ila usichelewe, mimi si mtu wa kungojeshwa."

Nitapasuliwa katikati ya Aprili. Niombee.

Dada yako.


5 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sina la kujitetea, na kidonda kile sikukijua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kilikuja siku moja na mimi.

Naomba jambo moja. Hapa kazini kuna mama mmoja wa kupiga pasi, naye bega lake liliganda, akapasuliwa. Anasema upasuaji ni nusu tu. Nusu nyingine ni mazoezi baada yake, na yanauma kuliko kisu, na wengi hukimbia. Wewe usikimbie. Jikaze kisabuni. Mwenye kukufanyisha mazoezi akisema panda, panda.

Nakuombea kila ninapokunja shuka, na mashuka ya hapa hayaishi.

Mdogo wako.


2 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Usidhani nimelewa. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto haukusoma shule.

Nimepasuliwa. Walinichoma sindano ya ganzi shingoni, mkono wote ukafa. Nilipozinduka niliuona umelala juu ya tumbo langu, nikafikiri wamesahau mkono wa mtu kitandani kwangu. Nikauliza wa nani huu. Muuguzi akasema, wako, mama. Ganzi ilipoisha nikajua kweli ni wangu. Nimezaa mtoto nikamzika, nimeng'olewa jino bila dawa, lakini maumivu yale sikuyajua. Yalianzia shingoni yakashuka hadi kidole gumba, yakapanda tena kama yamesahau kitu.

Daktari hakuniacha nipumzike hata siku moja. Ngozi imekatwa, anasema, lakini mkono ukitulia itajishona upya, itaganda zaidi ya mwanzo. Nina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamume mpole wa sauti, mikono ya chuma. Bosi angempa jina. Mimi namwita Mpole. Anafunga kamba juu ya mlango, mkono mzima unavuta, mgonjwa unapanda. Halafu nasimama mbele ya ukuta, vidole vinatambaa kupanda kama buibui aliyekatwa miguu, naye anachora mstari kwa chaki pale vilipoishia. "Kesho tunaupita mstari huu, mama." Juzi nilimtukana tusi ambalo marehemu baba hakujua kama nalijua. Akasema, "Vizuri, pumua, tena." Narudi nyumbani nimelowa jasho na machozi, sijui kipi ni kipi.

Nyumba tupu. Siku ya kumpeleka, Bosi alivaa shati la harusi za watu. Wauguzi wakaja wawili, mmoja mabegani, mmoja magotini, moja mbili tatu, wakamnyanyua. Akawaambia, "Taratibu, hii mali haina spea." Wakacheka, wakampenda hapo hapo. Nilipogeuka kuondoka akaniita, akasema, "Dereva." Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Mkono wa kushoto umechoka. Niandikie.

Dada yako.


24 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mwandiko wako wa kushoto ni mzuri kuliko wa kulia, nasema ukweli. Nimeusoma kwa sauti kwa yule mama wa kupiga pasi, akacheka pale pa tusi akasema naye alimng'ata mtaalamu wake. Anakuhimiza: mstari wa chaki ndio dawa. Mkono usipopanda juu, haujapona, hata kama unajisikia una nguvu.

Umefika wapi ukutani? Niambie. Na Bosi umemwona? Yeye hajanijibu, najua anahitaji mtu wa kumwandikia, na mtu huyo alikuwa wewe.

Usiharakishe. Alingoja toka Aprili, atangoja kidogo tena. Ninyi wawili ndio mlionilea, na nikiwawaza usiku siwazi kwingine.

Mdogo wako.


21 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Huu ni mkono wa kulia unaoandika! Piga makofi.

Nimekwenda kumwona Bosi. Nilikuwa nakwenda kila Jumapili, sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kukufurahisha. Hawamtesi, nisiseme uongo. Pasafi. Kitanda chake kiko karibu na mlango, na mlango ule haufungiki vizuri, kila anayepita anamwamsha. Wanamnyoa, lakini wanamnyoa wote mtindo mmoja, na sasa anafanana na watu wasiomhusu. Redio ni moja kwa chumba kizima na wenzake wanataka mahubiri. Amekonda mashavu. Jumapili ya kwanza alikuwa na hadithi, ya pili chache, ya tatu nilizungumza peke yangu. Jumapili iliyopita kanishika mkono kaniuliza, "Lini?" Hakuweka utani wowote hapo. Lini tu. Nilimgeuza kidogo kama ninavyomgeuza, nikatazama mgongo. Pamekuwa pekundu. Hapajachubuka, lakini pekundu.

Mdogo wangu, nilirudi nyumbani nikiiwaza ile chaki ya ukutani kama mwendawazimu. Mstari hausogei. Mpole anasema unasogea, kidogo kidogo, nivumilie. Kidogo kidogo mpaka lini? Hapo ndipo akili ikanijia. Mimi nahitaji nini? Sihitaji kugusa dari. Sina kazi na dari. Bosi sijawahi kumbeba mkono ukiwa juu, nambeba mkono ukiwa chini, umemzunguka mgongo. Ninachohitaji ni nguvu ya kubeba, si urefu wa kupanda. Mpole ananifundisha kazi isiyo yangu!

Basi nimeanza mazoezi yangu mwenyewe. Nilianza na ndoo nusu. Nikaja ndoo nzima. Sasa nina gunia la unga, nalifunga mkanda, nalikumbatia, nachuchumaa, nasimama nalo, nageuka, naliweka kitini. Mara ya kwanza niliona nyota mchana. Sasa naweza. Linauma, lakini nani kasema haliumi? Fundi baiskeli amelipima gunia, anasema linamzidi Bosi, hasa kwa alivyokonda. Kwa Mpole siendi tena. Nimemwambia nimesafiri.

Mwezi ujao, Jumamosi ya pili, namtoa. Nimeshamwambia. Ungeuona uso wake ungeacha hayo mashuka.

Dada yako mwenye bega.


8 Julai

Dada yangu, dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe nikiruka salamu. Barua yako imenifikia leo, na Jumamosi ya pili iko mlangoni. Usimbebe. Nakuomba kwa jina la mama, usimbebe bado. Nimemsomea yule mama wa kupiga pasi kuhusu gunia, akaweka pasi chini. Anasema gunia halina mikono. Gunia halishiki shingo, halitingishiki, halicheki, huligeuzi kuzunguka kikanyagio cha kiti. Anasema bega lisilopanda linakudanganya, linabeba vizuri mpaka dakika ile unapohitaji kulipandisha kidogo tu, ndipo linakwama.

Rudi kwa Mpole. Mwambie umerudi safari. Au mtoe Bosi, haya, mtoe, lakini wauguzi wambebe mpaka ndani, na nyumbani fundi akae na wewe mshike wawili. Ahadi si kitu, dada. Bosi hataki ahadi, anataka nyumbani.

Naiposti sasa hivi, nimevaa aproni ya kazi. Mungu aipe mbio.

Mdogo wako.


11 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo? Bosi hajambo? Sina jibu lako tangu mwezi wa sita. Kila gari la posta likiingia uani natoka na mikono yenye povu, na dereva wake sasa ananionea huruma, anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Kama umenikasirikia, niandikie unitukane. Lile tusi ulilomtukana Mpole, nitukane hilo. Kama umemtoa na mambo ni mazuri na mmelewa furaha mpaka mmenisahau, niandikieni mstari mmoja. Kama ni baya, niandikie pia. Mimi si mtoto tena, ijapokuwa nyinyi wawili mtaniita mdogo hadi nizeeke.

Nimezungumza tena na msimamizi. Bado ni hapana. Lakini nimezungumza.

Mdogo wako.


20 Septemba

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika. Ile ya kunikataza ilifika Jumatatu. Bosi nilikuwa nimemtoa Jumamosi.

Sijakuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu kwanza. Nilianza na wewe, kwa kutokuja. Nikaenda kwa daktari na viatu vyake, nikaenda kwa Mpole. Nimemaliza wote, nimebaki mwenyewe, ndiyo maana sasa nakuandikia.

Pale kituoni wauguzi walikuja wawili kumnyanyua. Nikawaambia wakae pembeni, huyu ana dereva wake. Nikachuchumaa, akanikumbatia shingo, akasema, "Dereva, ondoa gari," kwa sauti ya chumba kizima kusikia. Nikasimama naye. Bega lililia lakini lilikwenda, nikamweka kitini vizuri kabisa. Nikawatazama wale wauguzi, mdogo wangu, niliwatazama kwa kiburi. Wenzake wakampigia makofi. Nimeumia kwa mengi, lakini yale makofi nikiyakumbuka ndiyo yanayonimaliza.

Nyumbani alizunguka na kiti chake chumba kizima akigusa vitu: meza, cherehani, pazia. Akawasha redio, akamtukana mtangazaji. Tulikula. Alikula kuliko mimi. Kulipoanza kuingia giza akasema amechoka, anataka kitanda chake, chake mwenyewe, kisicho karibu na mlango.

Nilichuchumaa. Nilisimama. Nilipogeuka, mguu wake ulikwama kwenye kikanyagio cha kiti, ikabidi nimpandishe kidogo. Kidogo sana, urefu wa kiganja. Bega likafika pale pa siku zote likagonga. Uchungu ulinipasua mpaka macho yakaona giza, na mkono ukafunguka wenyewe. Sikumwachia. Nakuapia kwa kaburi la mama sikumwachia, mkono ndio ulifunguka. Yeye alikuwa bado amenishika shingo kwa ule mkono mmoja wenye nguvu, akaning'inia, kisha nao ukateleza. Akaangukia kati ya kiti na kitanda, mguu ukiwa chini yake. Nilisikia mfupa. Hakupiga kelele. Alisema, "Sio kitu, sio kitu," ananibembeleza mimi, halafu akazimia.

Ni paja. Daktari anasema mifupa ya mtu asiyewahi kusimama huwa myepesi, inavunjika kama kijiti. Wamempasua wakaweka chuma. Alikaa hospitali muda mrefu, sasa wamemrudisha kituoni. Bega langu nalo limeganda upya, chini zaidi ya mwanzo. Sasa mkono hauinuki hata kufika kifuani. Kupasua tena hawataki kwa sasa, na mimi sikuwaomba. Nilirudi kwa Mpole. Hakunisema. Alifuta mistari yake yote ya chaki ukutani, akachora mmoja chini kabisa, akasema, "Tunaanzia hapa, mama."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu alikuwa wewe, mdogo wangu, nami sikusikia, na guu lililovunjika si langu.

Sasa nikuambie ya Jumapili iliyopita, kisha nitamaliza.

Nilimkuta anaendelea vizuri. Anakula. Kapata kitanda kingine, mbali na mlango, na wenzake wamekubali redio iwe yake mchana. Ananiambia tangu atiwe chuma amepanda thamani, wezi wa vyuma chakavu wakimwona watamwiba. Tukacheka, kweli tukacheka, nikajisemea basi, tutavuka. Mto wake ulikuwa umeteleza. Nikainama kuuweka sawa, kwa mkono wa kushoto, mkono mzima. Niliinama kama ninavyomwinamia miaka yote.

Mwili wake ukakakamaa wote. Mkono wake ukatoka chini ya shuka ukashika chuma cha kitanda, ukakishika kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka. Uso ulikuwa bado unacheka. Nadhani mwenyewe hakujua kama ameshika. Mimi nilijua. Nimembeba tangu nilipokuwa msichana, nimembeba nikiwa na homa, nimembeba nikiwa na mimba, na siku zote mikono yake ilikuja shingoni kwangu bila kufikiri. Ameniogopa, mdogo wangu. Kaka yangu ameniogopa.

Niliuweka mto sawa, nikavuta kiti nikakaa mbali kidogo. Tukasikiliza redio. Baadaye mkono ukakiachia kile chuma. Akasema, bila kunitazama, "Unajua nimepazoea hapa? Wanabeba wawili wawili." Nikasema, "Ndiyo, wanabeba vizuri." Nilipotoka nilipita ofisini nikatia sahihi akae moja kwa moja.

Usijisumbue tena na msimamizi wako. Maliza mkataba wako, kula vizuri, paka mafuta hiyo mikono. Kitanda chake bado kipo palepale chumbani, nimekitandika. Kukisogeza peke yangu siwezi, na sijataka kumwita mtu.

Dada yako.